Gemu za Uhalisia Pepe: Ushike Padi au Ucheze kwa Mikono Mitupu?

Mzazi aliyezoea kumwona mwanawe ameketi kitako mbele ya televisheni akibonyeza padi, huenda akashtuka siku atakapomkuta kijana huyo huyo amesimama katikati ya sebule, macho yamefunikwa kwa miwani mikubwa kama ya mchomeleaji vyuma, akirusha ngumi hewani na kuinama kana kwamba anakwepa mawe. Kijana hajarukwa na akili. Anacheza gemu ya uhalisia pepe, yaani mchezo unaomfanya mchezaji ajione yumo ndani ya picha badala ya kuitazama kutoka nje.

Michezo hii imeingia katika nyumba nyingi za mijini, na katika kumbi za burudani hukodishwa kwa dakika. Huchezwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kushika vidhibiti viwili, kimoja katika kila mkono, ambavyo vijana huviita padi. Ya pili ni kucheza kwa mikono mitupu, ambapo kamera zilizo kwenye miwani huifuata mikono na vidole bila mchezaji kushika chochote.

Wengi hudhani kwamba mikono mitupu ni salama zaidi, kwa kuwa hakuna cha kubonyeza. Wengine husema padi ni bora kwa sababu watu wameizoea kwa miaka mingi. Ukweli ni kwamba kila njia ina kiungo chake inachokitwika mzigo. Padi huchosha kidole gumba na kifundo cha mkono. Mikono mitupu huchosha bega na shingo. Nayo macho na sikio la ndani hayapati nafuu kwa sababu tu mchezaji ameweka padi chini. Katika somo la wiki hii tutaviangalia viungo hivyo kimoja baada ya kingine, ili msomaji ajue la kuchagua, la kuepuka na wakati wa kumwona daktari.

MIWANI HUFANYA KAZI VIPI?

Ndani ya miwani mna skrini na lenzi mbili. Kila jicho huonyeshwa picha yake, na picha hizo hutofautiana kidogo tu, kama vile jicho la kulia na la kushoto yanavyoona vitu kutoka pembe tofauti. Ubongo huziunganisha picha hizo mbili na kupata kina: mlima unaonekana uko mbali na kikombe kinaonekana kiko karibu. Vihisi vidogo hupima jinsi kichwa kinavyogeuka, nayo picha hubadilishwa papo hapo. Miwani mingi ya sasa hubadilisha picha mara 72, 90 au hata 120 kwa kila sekunde.

Ubunifu huu si wa jana. Mwaka 1991 mashine za Virtuality kutoka Uingereza ziliwekwa katika kumbi za michezo. Mwaka 1995 kampuni ya Nintendo ya Japani iliuza Virtual Boy, iliyoonyesha picha nyekundu juu ya giza. Wachezaji walilalamika kuumwa na kichwa na macho, na kufikia 1996 kifaa hicho kilikuwa kimeondolewa sokoni. Uhai mpya ulikuja mwaka 2016 zilipotoka Oculus Rift, HTC Vive na PlayStation VR. Mwaka 2019 ilifuata Oculus Quest, ambayo haikuhitaji kompyuta, na mwezi Desemba mwaka huo huo ikaanza kuitambua mikono isiyoshika kitu. Mwaka 2024 kampuni ya Apple ilianza kuuza Vision Pro bila padi kabisa: mtumiaji hutazama kitu anachokitaka, kisha hubana gumba na kidole cha shahada ili kukichagua.

PADI: MZIGO WA GUMBA NA KIFUNDO

Padi ya uhalisia pepe ina vibonyezo, kijiti kidogo cha kusukumwa na gumba, na mota ya kutetemesha. Mtetemo huo una kazi kubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Mchezaji anapougusa ukuta wa picha au kuushika upanga, mkono hupata habari kwamba umegusa kitu, naye hulegeza nguvu. Kwa sababu hiyo mchezaji mwenye padi hulenga vizuri na hahitaji kurudia tendo moja mara kwa mara.

Ubaya wake ni kwamba kazi nzito huangukia viungo vidogo. Gumba huendeshwa na kano, yaani kamba ngumu zinazounganisha misuli na mifupa. Kano hizo hupita upande wa kifundo cha mkono ndani ya ala nyembamba. Gumba linaposukumwa huku na huku mamia ya nyakati bila kupumzika, kano husuguana na ala, ala ikavimba, na mchezaji akahisi maumivu kila anapofinyanga ngumi au kuinua kikombe. Hali hii madaktari huiita ugonjwa wa De Quervain. Huwapata pia akina mama wanaobeba watoto wachanga kutwa, hivyo si ugonjwa wa wachezaji pekee.

Mnamo 1990 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha barua ya daktari Richard Brasington kuhusu mwanamke wa miaka 35 aliyepatwa na maumivu makali ya gumba baada ya kucheza Nintendo kwa muda mrefu bila kupumzika. Daktari huyo aliupa ugonjwa huo jina la utani lililotokana na jina la mashine. Jina lilichekesha, lakini maumivu yalikuwa ya kweli.

Dalili nyingine ya kuangalia ni ganzi au hisia ya kuchomwa sindano katika gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa usiku. Hiyo huonyesha kwamba neva inayopita katika njia nyembamba ya kifundo imebanwa. Wenye kisukari, wajawazito na watu wanaochapa kompyuta kazini wako katika hatari kubwa zaidi, kwa maana vifundo vyao huenda vilikwisha kuchoka kabla hata gemu haijaanza.

MIKONO MITUPU: MZIGO WA BEGA

Mpenzi msomaji, jaribu jambo hili sasa hivi. Nyosha mkono mmoja mbele yako, sawa na bega, kisha uuache hapo bila kuushusha. Baada ya dakika moja au mbili utahisi bega linawaka, kisha mkono utaanza kutetemeka. Mkono mzima wa mtu una takriban asilimia 5 ya uzito wa mwili wake. Mtu wa kilo 70 basi anainua kilo 3.5, bila kushika kitu chochote.

Hapa ndipo mikono mitupu inapomtega mchezaji. Kamera za miwani hutazama mbele, na haziwezi kufuata mkono zisiouona. Mchezaji akiuacha mkono uning'inie ubavuni au akiupeleka nyuma ya mgongo, mchezo humpoteza. Kwa hiyo, bila kujua, huinua mikono mbele ya kifua na kuiacha hapo kwa muda mrefu. Mwenye padi hana shida hii kwa kiasi hicho, kwa sababu padi ina vihisi vyake vya mwendo na inaweza kukadiria mkono ulipo hata kamera zisipouona kwa muda mfupi. Anaweza pia kubonyeza huku mkono umetulia pajani.

Msuli unaoshikilia uzito pasipo kujongea hujibana, na damu inayopita ndani yake hupungua. Uchafu wa kazi ya msuli hukusanyika na ndipo mtu huhisi kuungua. Wahandisi wa kompyuta waliijua shida hii miongo kadhaa iliyopita, zilipoanza kutengenezwa skrini za kugusa zilizosimamishwa wima, wakaiita mkono wa sokwe, kwa kuwa baada ya muda mkono huhisi mzito na mkubwa kama wa mnyama huyo.

Mwaka 2007 jarida lile lile la New England lilichapisha barua ya daktari Mhispania, Julio Bonis. Mgonjwa aliyemweleza alikuwa na miaka 29, naye aliamka asubuhi akiwa na maumivu makali ya bega la kulia. Hakuwa amefanya mazoezi wala kuanguka. Alikuwa amecheza tenisi ya Wii kwa saa kadhaa, mchezo ambao mtu hupunga mkono kana kwamba ameshika raketi. Tiba ilikuwa dawa ya kupunguza uvimbe kwa wiki moja na kuacha mchezo huo kwa muda. Wii ilitumia kidhibiti cha mkononi, lakini somo ni lile lile: pale mchezo unapotaka mkono mzima ufanye kazi, maumivu huhama kutoka kwenye gumba na kwenda begani.

Kuna jambo jingine. Mikono mitupu haipati mtetemo wala ugumu wa kitu kilichoshikwa. Mchezaji hubana vidole kwa nguvu kupita kiasi kwa sababu hakuna kinachomjulisha kwamba amekwisha kubana. Kamera zikikosa kuuona mkono kwa sababu chumba kina giza, hurudia tendo mara tatu au nne. Kwa hiyo anayecheza kwa mikono mitupu hana budi kuwasha taa. Jambo dogo hilo hupunguza kazi ya mabega kuliko dawa ya kuchua.

Shingo nayo haisahauliki. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4.5 hadi 5. Miwani kama Quest 3 huongeza gramu 515, na Vision Pro gramu 600 au zaidi, uzito wote ukiwa mbele ya uso. Misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kuvuta ili kichwa kisiiname. Kaza mkanda wa juu ya kichwa, si ule wa pembeni peke yake, ili uzito ugawanyike.

KICHEFUCHEFU: UGOMVI WA JICHO NA SIKIO

Ndani ya kila sikio kuna mifereji mitatu iliyopinda, yenye majimaji. Kichwa kinapogeuka, majimaji hayo husukuma vinyweleo vidogo, navyo huuarifu ubongo kuhusu mwendo. Kwa kawaida jicho na sikio husema jambo moja. Katika uhalisia pepe, jicho husema, “Tunakimbia,” ilhali sikio husema, “Tumesimama.” Ubongo unapopokea habari mbili zinazopingana, mtu hutokwa na jasho jembamba, mate hujaa kinywani, uso hukosa rangi na hatimaye kichefuchefu huja. Maelezo haya ya mgongano wa hisia yaliandikwa kwa kina na James Reason na J. J. Brand mwaka 1975 kuhusu kichefuchefu cha safari, muda mrefu kabla ya miwani hizi kupatikana madukani.

Msomaji aliyewahi kusoma gazeti ndani ya matatu kwenye barabara mbovu anaijua hali hiyo, ila hapa imegeuzwa: katika matatu sikio huhisi mwendo ambao jicho limezama gazetini halioni, katika gemu jicho huona mwendo ambao sikio halihisi.

Je, padi au mikono mitupu ndiyo husababisha zaidi? Tazama gumba linafanya nini. Mchezaji akisukuma kijiti cha padi na dunia yote ya picha ikaanza kuteleza huku miguu yake imesimama, hapo ndipo ugomvi unapoanza. Michezo mingi ya mikono mitupu humwacha mchezaji asimame mahali pamoja na vitu vimjie, hivyo tumbo hutulia. Lakini si lazima iwe hivyo. Padi inaweza kutumiwa bila kusukuma kijiti: katika Beat Saber, mchezo uliotoka mwaka 2018, mtu hukata visanduku vinavyomjia akiwa amesimama, na wengi huucheza bila kuhisi vibaya. Kwa hiyo kabla ya kununua gemu usiulize tu kama ni ya padi. Uliza kama mchezaji hutembezwa na kijiti. Kama ndivyo, tafuta katika mipangilio ya gemu njia ya kuruka kutoka hapa hadi pale mara moja, badala ya kuteleza.

Kichefuchefu kikianza, vua miwani mara moja. Wapo vijana wanaoamini kwamba wakivumilia watazoea. Mwili huzoea kweli, lakini kwa vipindi vifupi vinavyorudiwa siku nyingi, si kwa kujilazimisha siku moja. Aidha, kizunguzungu huweza kuendelea baada ya mchezo. Usiendeshe gari, pikipiki wala baiskeli mpaka utakapojihisi sawa kabisa.

MACHO

Tunapotazama kitu cha karibu, macho hufanya mambo mawili kwa pamoja: hugeukia ndani kuelekea puani, na lenzi ya jicho hujikaza ili kitu kionekane wazi. Katika miwani, mambo haya mawili hutengana. Macho hugeukia ndani kufuata kitu kinachoonekana kiko karibu, lakini mwanga unatoka umbali mmoja usiobadilika. Misuli ya jicho huvutana, na matokeo yake ni kichwa kuuma juu ya nyusi na maandishi kuonekana yamefifia. Vitu vinavyoletwa karibu sana na uso ndivyo huchosha zaidi. Anayecheza kwa mikono mitupu mara nyingi huvuta vitu karibu ili avishike, hivyo hana sababu ya kujisifu kwamba macho yake yako salama kuliko ya mwenye padi.

Umbali kati ya mboni mbili za macho ni jambo la pili. Kwa mtu mzima wastani ni milimita 63 hivi, lakini watu hutofautiana. Miwani nyingi zina kigurudumu au mipangilio ya kusogeza lenzi. Usipoilinganisha na macho yako, ni sawa na kuvaa miwani ya kusomea ya jirani. Katika kumbi za kukodisha, mwombe mhudumu akuonyeshe jinsi ya kuilinganisha kabla dakika zako hazijaanza kuhesabiwa.

AJALI SEBULENI

Uchunguzi wa majeraha yaliyotibiwa katika vyumba vya dharura vya hospitali za Marekani kati ya 2017 na 2021 ulionyesha kwamba kuvunjika kwa mifupa ndiko kuliongoza miongoni mwa wachezaji wa uhalisia pepe. Sababu yake inaeleweka: mtu haoni meza, mtoto anayetambaa, wala waya wa televisheni.

Hapa padi na mikono mitupu hutofautiana tena. Padi hulinda vidole kidogo mtu akipiga ukuta, lakini ikimponyoka huwa jiwe. Mwaka 2006 Nintendo ililazimika kuwapa wateja kamba mpya za mkononi zipatazo milioni 3.2, baada ya kamba za awali kukatika watu wakirusha mikono. Mwenye mikono mitupu hawezi kumrushia mtu kitu, ila akipiga ukuta hupiga kwa mifupa yake mwenyewe. Yeyote anayecheza kwa kusimama anahitaji nafasi ya wazi ya angalau mita 2 kwa mita 2. Katika nyumba zetu nyingi nafasi hiyo haipatikani bila kuondoa stuli na meza ya kahawa. Asiyeweza kuviondoa na acheze akiwa ameketi kwenye kiti kisicho na magurudumu.

NANI ASICHEZE KABLA YA KUMWONA DAKTARI?

Wa kwanza ni mwenye kifafa, au aliyewahi kuzirai kwa sababu ya mwanga unaomweka. Tarehe 16 Desemba 1997 watoto wapatao 685 nchini Japani walipelekwa hospitalini baada ya kutazama kipindi cha katuni cha Pokemon kilichokuwa na mwanga mwekundu na wa buluu uliopishana kwa kasi. Hiyo ilikuwa televisheni iliyo upande wa pili wa chumba. Miwani huuleta mwanga huo karibu na jicho na kulifunika lote. Watengenezaji wa miwani wenyewe huonya kwamba takriban mtu 1 kati ya 4,000 anaweza kupata kizunguzungu kikali au degedege kutokana na mwanga wa aina hiyo, hata kama hajawahi kuugua kabla. Msuli ukianza kurukaruka, jicho likacheza lenyewe au mtu akapotewa na fahamu hata kwa sekunde chache, mchezo usimamishwe na daktari aonwe.

Wa pili ni mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa mwilini, kwa kuwa miwani na padi zina sumaku na mawimbi ya redio. Wengine ni wajawazito, wazee wanaoanguka ovyo, waliopasuliwa macho hivi karibuni, na yeyote aliye na mafua makali au aliyekunywa pombe.

WATOTO JE?

Watengenezaji hawakubaliani kuhusu umri. Sony iliweka miaka 12 kwa PlayStation VR, Apple miaka 13 kwa Vision Pro, nayo Meta, ambayo ndiyo mtengenezaji wa Quest, ilishusha kiwango chake kutoka miaka 13 hadi 10 mwaka 2023 kwa sharti kwamba mzazi asimamie. Tofauti hizo zisimfanye mzazi adhani kwamba namba hazina maana. Macho ya mtoto yako karibu kuliko nafasi ya lenzi nyingi, kichwa chake hubeba uzito ule ule kwa shingo nyembamba, na padi zimetengenezwa kwa kiganja cha mtu mzima. Kwa mtoto aliyefikisha umri unaoruhusiwa, mikono mitupu huweza kuwa nafuu kwa vidole, almuradi asizidishe dakika 10 au 15 kabla ya kupumzika.

Jambo moja lina faida. Mtoto akisema haoni kina, au picha mbili haziungani, asidhaniwe kuwa anadeka. Huenda jicho lake moja ni dhaifu na ubongo umezoea kulipuuza. Mpeleke kwa daktari wa macho mapema, kwani tiba hufaulu zaidi utotoni. Ajabu ni kwamba miwani hizi hizi hutumiwa pia kutibu hali hiyo: Oktoba 2021 serikali ya Marekani iliidhinisha Luminopia, tiba ya watoto wa miaka 4 hadi 7, inayotolewa kwa cheti cha daktari. Tiba hiyo si sawa na gemu ya dukani.

USAFI WA KIFAA KINACHOPOKEZANWA

Mwanzoni mwa mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea Pwani ya Kenya kwa kasi kubwa. Ugonjwa huo husambazwa na mikono, taulo na chochote kinachogusa jicho la mgonjwa kisha la mwenzake. Miwani inayopokezanwa na watu 20 kwa siku ni njia rahisi mno. Sponji inayogusa uso ifutwe kwa kitambaa chenye dawa ya kuua viini, au ifunikwe kwa karatasi mpya kwa kila mteja. Lenzi zifutwe kwa kitambaa kikavu na laini pekee, kwa maana spiriti huziharibu. Kuhusu hili mikono mitupu ina ushindi wa wazi: inamwondolea mteja padi mbili zilizoloa jasho la wengine. Hata hivyo miwani yenyewe bado hugusa uso, na aliye na macho mekundu akae nje.

PALE GEMU INAPOKUWA TIBA

Si haki kutaja madhara pekee. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, wakiongozwa na Hunter Hoffman na David Patterson, wamewavisha wagonjwa walioungua moto miwani inayowaonyesha bonde la theluji wakati vidonda vinaposafishwa. Mgonjwa hurusha mabonge ya theluji na akili hubanduka kutoka kwenye maumivu.

Kwa waliopatwa na kiharusi, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017 yalikusanya majaribio 72 yenye washiriki 2,470. Yalionyesha kwamba mazoezi ya uhalisia pepe peke yake hayakuushinda mkono wa mtaalamu wa fiziotherapia, ila yalisaidia yalipoongezwa juu ya mazoezi ya kawaida. Mgonjwa ambaye vidole vyake vimekakamaa hawezi kushika padi, na kwake njia ya mikono mitupu hufungua mlango uliokuwa umefungwa: kufungua na kufumba kiganja chenyewe ndiko kunakuwa mchezo. Vivyo hivyo kwa mwenye baridi yabisi ya vidole. Lakini kwa anayejifunza tena kukaza mkono ili ashike kijiko, kitu cha kushika ni cha lazima, na hapo padi hufaa zaidi.

BASI MTU ACHAGUE NINI?

• Ukiwa na maumivu ya gumba, kifundo, au vidole vya ganzi: cheza kwa mikono mitupu, kwa vipindi vifupi.

• Ukiwa na maumivu ya bega au shingo: tumia padi, kaa kwenye kiti, viwiko viwe karibu na mbavu.

• Ukishikwa na kichefuchefu upesi: epuka gemu zinazokutembeza kwa kijiti, iwe una padi au huna.

• Ukishika padi: funga kamba ya mkononi kila mara, usiikabe kama nyundo, na badilisha gemu ili gumba lipumzike.

• Ukicheza kwa mikono mitupu: washa taa, shusha mikono kila baada ya dakika moja, na bana vidole polepole.

• Kwa wote: wanaoanza wasizidishe dakika 10. Waliozoea wapumzike dakika 10 hadi 15 kila baada ya nusu saa, watazame nje ya dirisha mbali ya mita 6, wapepese macho na kunywa maji.

Maumivu ya kano yakianza, pumzisha kiungo kwa siku kadhaa na ukande kwa barafu iliyofungwa kwa kitambaa. Usimeze vidonge vya maumivu ili uendelee kucheza. Vingi huumiza tumbo, na huficha dalili ambayo ungepaswa kuisikiliza. Yakizidi wiki mbili, au ganzi ikikuamsha usiku, au ukishindwa kuinua mkono juu ya kichwa, nenda hospitalini.

Miwani hizi zitaendelea kuwa nyepesi na padi huenda zikapungua, lakini bega na gumba la binadamu hazitatengenezwa upya. Mchezaji mwerevu hubadilishana njia zote mbili ili kiungo kimoja kisibebeshwe kazi yote, na huvua miwani kabla mwili haujamlazimisha.